Majina Manne Kati ya Saba

Rehema, wewe uliyeshika ufunguo wangu, na wewe Petro wa mitambo, mliniomba niandike ya kazini kabla sijayasahau. Mimi sisahau. Hata wanakwaya wa mwaka wa kwanza nawajua kwa majina, na nani alikuwa anaimba puani. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo mkikuta nukta imekaa pabaya mwiteni mwalimu, msiniite mimi. Mshahara sitauzungumzia kwa sababu haukuwa na mazungumzo. Vyeo sikupata, niliingia na fagio, nimetoka na fagio.

Studio ilianza kwenye ghala la alizeti la Mzee Chilewa pale Chang'ombe ya Dodoma, nyuma ya nyumba yake. Mimi nilikuwa namfulia mkewe, Mama Eliya. Siku moja Mzee akaniambia, "Mama Sechelela, ghala limekuwa chumba cha muziki, nenda kalisafishe." Nikaenda. Kuta zote zilikuwa zimebandikwa trei za mayai na sponji za magodoro. Nikajiuliza kuku wenyewe wako wapi. Nikaanza kufagia kwa nguvu, nionekane mtu wa kazi.

Fundi Ramadhani akaja mbio. Huyo ndiye aliyekuwa fundi wa sauti wa kwanza, mtu wa mjini hapa hapa, wazee wake walikuja na misafara ya zamani wakabaki. Mwembamba, kofia haimtoki kichwani.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafagia."

"Unaniingizia Dodoma nzima kwenye mashine!"

Akaninyang'anya fagio, akanipa kitambaa na ndoo. Tangu siku hiyo nilijua: studio haifagiliwi, inapanguswa. Maiki unaifuta kwa kitambaa kikavu, sakafu kwa kilicholowa, usivichanganye. Rehema, vya kwako navijua, unavichanganya.

Fundi Ramadhani alinifundisha pia bati. Mnajua nyote bati letu linavyolia. Jua likipanda linajinyoosha, tak, tak. Likishuka linajikunja, tak, tak. Saa hizo ukirekodi unarekodi paa. Kwa hiyo waimbaji wanapangwa asubuhi na mapema, au mchana bati likishatulia kwa moto, feni imezimwa, watu wanatota jasho kama wamemwagiwa maji. Akina mama wa kwaya waliokuja wamejipaka poda walikuwa wanatoka na mistari. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa nje nasikiliza bati na kuku wa jirani, nikiona kimya nampungia mkono dirishani.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa moja. Hakuna mtu anatoka kabla hajaisikia kazi yake mwanzo mpaka mwisho. Ufunguo wa mlango nilikuwa nao mimi, na amri ilikuwa nisifungue. Ilikuja kwaya moja ya Mvumi, mwalimu wao Yohana, gari lao linapiga honi nje, watu wana haraka ya kuondoka. Yohana ananiambia, "Bibi, fungua, tumeridhika." Nikamwambia, "Umeridhika na nini? Hujasikia." Wakakaa wananuna. Wimbo wa tano ukapita, mama mmoja, Foibe, akainua kichwa: "Mbona ubeti wangu haupo?" Kweli haukuwepo. Fundi alikuwa ameufunika kwa bahati mbaya. Ukatafutwa, ukarudishwa. Foibe alinishika mikono akasema, "Ningefika nyumbani ningesikia mimi sipo." Hayo maneno nilikuja kuyakumbuka sana.

Mzee Chilewa akafariki. Fundi Ramadhani macho yakaisha, mwanawe akamchukua kwenda kuishi naye Singida. Studio ikabaki kwa Eliya, mtoto wa Mzee, aliyesomea kompyuta. Eliya namjua tangu anatambaa. Amekua pamoja na Sechelela wangu, wakiteleza juu ya magunia ya alizeti kwenye ghala hilo hilo. Sechelela ndiye mtoto wangu wa pekee. Alifariki akiwa msichana mkubwa, akaniachia Tumaini wa miezi mitano. Eliya alikuwa kati ya waliobeba jeneza. Baada ya hapo aliendelea kuniita Mama Sechelela, sikumkataza. Vijana wengine wote waliokuja baadaye waliniita Bibi.

Sasa nije kwenye albamu ya Kiangazi, kwa sababu najua ndiyo mnayoitaka.

Kiangazi walikuwa wanafunzi wanne wa chuo, walitoka Chimwaga na vyombo vyao kwenye bajaji mbili. Joshua wa kuimba, Hamisi wa dramu, na Baraka na Daudi wa magitaa, ndugu wa tumbo moja wasioongea. Walikuwa hawajawahi kurekodi albamu, hii ilikuwa ya kwanza. Wakaniamkia vizuri, shikamoo Bibi, shikamoo Bibi, viatu wakavua mlangoni. Nikasema hawa watoto wamelelewa. Kisha wakaanza kupiga.

Mimi nimesikia radi ya Dodoma, ile ya mvua ya kwanza. Nimesikia ghala likiezuliwa. Sijawahi kusikia kitu kile. Hamisi alikuwa anapiga dramu kama anazidai, magitaa yananguruma, halafu Joshua, mtoto mpole aliyevua viatu, akafungua kinywa ikatoka sauti ya ng'ombe aliyeshikwa na fisi.

Jirani, Mama Hadija, akaruka uzio. "Bibi, kuna mtu anachinjwa humo?"

"Hapana, anaimba."

"Anaimba nini?"

"Na mimi nasubiri nijue."

Eliya aliwaelewa. Alisema ni muziki wa hasira na huzuni pamoja, na kwamba huko duniani una watu wake. Sawa. Huzuni na hasira hata sisi tunazo, ila tulikuwa hatuziungi kwenye umeme.

Siku ya tatu Joshua akatema damu. Kidogo, kwenye leso, akaificha. Mimi ndiye ninayeokota leso. Nikamwita nyuma, kwenye jiko langu ninapopikia chakula cha mchana.

"Joshua, unalia kwa koo."

"Ndivyo unavyoimbwa, Bibi."

"Koo ni mlango tu, baba. Mtu halii kwa mlango. Umewahi kuona akina mama msibani kwetu? Wanalia siku tatu, ya nne wanasalimia watu vizuri. Wanalia kwa hapa." Nikamgonga chini ya kitovu kwa mwiko. Nikamsimamisha mgongo ukutani, magoti yamelegea, mkono tumboni, nikamwambia ashushe pumzi mpaka mkono usogee, halafu ndipo alie. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili akalia, kuku wa Mama Hadija wakakimbia. Kesho yake hakutema kitu. Kwa hiyo wanaosema Joshua ana sauti ya ajabu, waambieni ameipata jikoni.

Ndipo akawa anakaa na mimi nyuma kila mapumziko. Mlenda wangu naupika na karanga za kusaga kwa jiwe, maana karanga za mashine zinatoa uji. Jiwe lile nilirithi kwa mama. Na nikishika jiwe naimba, mkono hauendi bila wimbo. Wimbo wenyewe alikuwa nao mama yangu, na kabla yake bibi yangu. Si wimbo wa Wagogo wote, msije mkaenda kuusema hivyo. Ni wa nyumba yetu. Maneno yake ni machache: unasaga, unamwita mtu, unamwambia chakula kiko tayari. Halafu unamwita mwingine. Wanaoitwa ni waliokufa. Kila aliyekufa anaongezwa mwisho, na anayesaga lazima awafikie wote. Karanga zikiisha kabla ya majina, unaendelea kusaga jiwe tupu. Huwezi kuwaita wengine mezani ukawaacha wengine wamesimama mlangoni.

Mimi niliachiwa sita: Matika, Ndahani, Malogo, Wendo, Masinga, Nyemo. Wa saba nilimwongeza mwenyewe.

Joshua alisikiliza siku kadhaa. Siku moja akaja na wenzake wote, hata Baraka na Daudi.

"Bibi, tunaomba huo wimbo ufungue albamu yetu. Wewe na jiwe. Halafu sisi tuingie."

"Mnaingia wapi?"

"Mwisho, ukimaliza."

Nilifikiri siku mbili. Nikawaambia nitaimba kwa sharti moja: majina hayakatwi. Nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi hapa. Hamisi akasema, "Bibi, hata sisi kwenye hitima majina yanasomwa yote, tumeelewa." Eliya alikuwepo, ameegemea mlango, akatikisa kichwa kukubali.

Wakalibeba jiwe ndani, vijana wawili wanahema. Eliya akaweka maiki moja kwenye jiwe na moja kwangu. Akataka kunivalisha hedifoni nisikie mdundo wa kompyuta, ule wa ti, ti, ti, ti wa kuwafanya watu waende sawa. Nikaukataa. Nikamwambia jiwe lina mwendo wake. Akacheka, akasema, "Haya, Mama Sechelela, nenda na wako."

Niliimba mara moja tu. Bati lilikuwa kimya. Majina yote saba. Nilipofika la mwisho nililiimba kama ninavyoliimba siku zote, wala sikulia. Nikainuka, nikakung'uta kanga.

Baada ya wiki moja Eliya ameshaunganisha. Akaniita, "Mama Sechelela, njoo usikilize ulivyotoka." Wale vijana wamekaa kwenye mkeka, nafasi yangu wameiacha katikati. Spika zile kubwa zimenigeukia. Nikasimama mlangoni na kitambaa changu.

Sasa hapa ndipo nawaambia ukweli, maana sina wa kumsingizia. Niliogopa. Kuimba jina la mtoto wako jikoni ni kitu kimoja. Kulisikia linatoka kwenye spika, mbele ya watoto wa watu, ni kingine. Nilijua nitalia, na mimi mahali pale ndiye niliyekuwa nawapa wengine leso. Nikamwambia Eliya, "Nitasikia siku nyingine, nina ndoo inanisubiri." Ndoo haikuwa na maji.

Mimi, niliyewafungia watu wa Mvumi mlango.

Eliya hakunibembeleza. Siku nyingine haikufika, kazi ikaondoka.

Uzinduzi ulifanyika mchana, kwenye ukumbi mmoja karibu na Chimwaga. Walinipa kiti cha mbele, na Tumaini hakuja, alikuwa na mitihani. Nilivaa kitenge cha bluu. Wanafunzi walijaa, nguo nyeusi tupu, nikadhani nimekosea nimeingia msibani. Taa zikapungua, nikasikia jiwe langu. Nawaambieni, lilisikika vizuri. Nilisikia mpaka karanga. Kisha sauti yangu: Matika. Ndahani. Malogo. Nikawa nimeshika kiti, najiandaa, nahesabu waliobaki. Wendo.

Dramu zikaanguka.

Watu wakaruka juu, wote kwa pamoja, Joshua analia kwa tumbo kama nilivyomfundisha, na mimi nimekaa nangoja. Nilijiambia labda wanarudi. Labda baada ya kelele watamalizia. Wimbo uliisha. Ukaja mwingine. Joshua akanionyesha kwa mkono, watu wakanishangilia, nikasimama nikapunga. Ndiyo, nilipunga. Ningefanyaje?

Asubuhi yake nilifika kabla ya Eliya, nikamngoja na ufunguo mkononi.

"Eliya, watu watatu wako wapi?"

Alijua. Hakuuliza watu gani. "Mama Sechelela, ni biti, mapigo ya muziki. Majina manne yanakaa. Ukiweka saba, dramu zinaingia katikati ya hewa, msikilizaji anachoka."

"Nani alichoka?"

"Sijasema wewe…"

"Ulikubali majina hayakatwi. Uliegemea hapo."

"Nilikuita usikilize. Ukakataa. Nikasema basi umeniachia."

Hapo alinipata. Nikamwambia, "Wewe unaniitaje kila siku?"

"Mama Sechelela."

"Na ukamkata."

Akainama. Alisema hakuwa anafikiria watu, alikuwa anafikiria mwendo. Alisema kwenye kompyuta unaona mistari tu, unakata mstari. Ninamwamini. Ndicho kinachoniuma, kwamba ninamwamini. Angekuwa ana chuki na mimi ningepata mahali pa kushika.

"Basi nipe ile ya kwanza, yote."

Akakuna kichwa. Mashine ilijaa, akafuta zilizobaki ili apate nafasi ya kwaya iliyofuata. Akasema tunaweza kurekodi upya, toleo jingine. Tukajaribu siku mbili zilizofuata. Nikashika jiwe, nikafika Wendo, sauti ikakatika yenyewe. Nikaanza tena, ikakatika pale pale. Mara ya tatu nikamwambia azime. Tangu siku hiyo sikuimba tena nikisaga. Mlenda mliokula ninyi ulisagwa kimyakimya, kama mnaona haukuwa na ladha.

Joshua alikuja na wenzake kuomba radhi. Yeye hakuwa anajua. Alidhani nilirudi kwa Eliya siku nyingine, nikasikiliza nikaridhia. Alipiga magoti chini, kijana wa chuo, akaahidi jukwaani watayaita yote saba. Na kweli alijaribu, Hamisi alinisimulia. Walipofika jina la tano watu walikuwa wameshaanza kuruka, wakajikwaa, wakaanza kuzomea wakidhani mashine imekwama. Wakajaribu mara ya pili, ikawa hivyo hivyo. Wakaacha. Siwalaumu sana. Watu wanapenda wimbo kama walivyoukuta.

Nimefanya kazi baada ya hapo miaka ya kutosha. Wengine mlinishangaa kwa nini nilikuwa mkali kwenye kusikiliza, kwa nini nilimfungia mlango mchungaji mzima mpaka akakosa basi. Mmeshajua. Rehema, akija mtu kurekodi akakwambia ana ndoo inamsubiri, angalia kama ina maji.

Siku ya kuniaga mlifanya vizuri. Keki ilikuwa kubwa, Petro aliikata kama mtu anayekata sabuni, tulicheka. Kisha mkazima taa mkasema mna zawadi ya kunishtukiza, mkaufungulia ule wimbo. Hamkujua. Mama Hadija akapiga vigelegele. Eliya peke yake alitoka nje. Nilikaa nikausikiliza mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu ndiyo sheria.

Sasa niko nyumbani, Msalato. Tumaini yuko kidato cha tatu, mrefu kama mama yake. Nyumbani hatusagi kwa jiwe, nafaka tunapeleka mashineni, na wimbo ule sikuwahi kumwimbia. Alipokuwa mdogo nilisema bado ni mdogo. Alipokua, sauti yangu ilikuwa imeshakatika. Jiwe mlinisaidia kulileta, mkaliacha uani.

Juzi, Jumamosi, nimekaa kibarazani nachambua mchicha. Nikasikia jiwe linalia. Tumaini amejiwekea karanga, anajaribu, mkono mgumu lakini anajitahidi. Na anaimba. Sauti, Rehema, ni ya Sechelela kabisa, nilishika ukuta. Matika, Ndahani, Malogo, Wendo. Kisha akafanya dramu kwa mdomo, du du du du, akacheka peke yake, akaanza tena. Matika, Ndahani, Malogo, Wendo.

Nikamfuata. "Nani amekufundisha?"

"Shule nzima wanaujua, Bibi. Si wimbo wako huu?"

"Umebakiza watu."

"Watu gani?"

"Masinga. Nyemo. Na mama yako."

Akasimamisha mkono. Alinitazama vizuri, kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mzee aliyeanza kuchanganya siku.

"Mama hayumo humo, Bibi," akasema taratibu. "Mimi naujua wote."

Akasogea kando, akanipisha kwenye kigoda, akanishika mkono akauweka juu ya jiwe. "Njoo nikukumbushe," akasema. Akaanza kunifundisha: Matika, Ndahani, Malogo, Wendo.